Mie Sijafa, Nilikuwa Ndani ya Tangi

Mbagala, Temeke
Jumapili, baada ya chai

Kwako Mama Saumu, mke wangu wa ujanani na wa uzeeni,

Kabla sijakuamkia, toka eda. Kama umeshafunga kaniki, ifungue. Kama wanawake wamekutandikia mkeka ndani na wanakuletea uji, wape asante, maliza uji, kisha waambie warudi makwao. Sijafa. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda uani kwa mwanetu, na shingo inaniuma, jambo ambalo sidhani kama linawapata maiti.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Magoti yako hayajambo? Kuku wanataga, na yule jogoo mwenye kiburi kama kaka yako bado anawika saa anayotaka yeye? Sie huku wazima wote. Jicho lililonileta hospitali limepona, naona mpaka vitu nisivyotaka kuviona. Saumu mzima, anakuamkia shikamoo mama, na anasema mumewe ameandika kutoka melini, naye mzima.

Najua utasema huenda kuna mtu ameandika kwa jina langu ili akufariji. Basi nakupa alama. Wewe unakoroma. Miaka yote unasema ni paka, na paka alikufa zamani, tukamzika nyuma ya choo, mkoromo ukabaki. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua siri hiyo, isipokuwa majirani.

Habari ya kifo changu najua amekuletea Selemani muuza mikeka. Usimlaumu. Aliyoyaona aliyaona kweli, ila aliyaona akiwa juu ya lori la Kilwa linaloondoka, na lori halimsubiri mtu amalize kuulizia. Mie nitakusimulia kutoka chini.

Unajua mwanetu anauza sharubati ya ukwaju na maji baridi hapa mbele ya nyumba. Maji alikuwa anayaweka kwenye pipa la chuma, pipa likaanza kutema kutu, maji yakawa na rangi ya chai kabla hayajatiwa majani. Akasema atanunua tangi la plastiki. Siku hizi biashara ruksa, Kariakoo kuna kila kitu, mpaka vitu ambavyo hukujua kama unavihitaji. Unakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni ya sabuni, wewe ukaweka jiwe likushikie nafasi, jiwe likafika dirishani kabla yako? Basi sasa sabuni ndizo zinazopanga foleni, zinasubiri watu.

Tukaenda kwa Bwana Nassor, Mwarabu wa duka la vyombo. Babu yake alizaliwa hapahapa, Kiswahili chake kinakipita changu. Akatupindulia tangi moja jeusi, refu kama mie, mdomo wake mtu anapita.

"Hili la kuwekea chakula na maji ya kunywa, mzee," akasema. "Tazama hapa chini, kuna alama ya glasi na uma."

"Na sisi tunaokula kwa mkono?"

"Nyie kuleni kwa mkono, maji hayatawasema." Kisha akamgeukia Saumu, maana aliona mie si mteja wa maana. "Mwanangu, litanuka upya siku za mwanzo. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, halafu kwa magadi, halafu liache wazi upepo upite. Usilisugue kwa mchanga wala kwa waya wa sufuria. Likichubuka, harufu inapata pa kulala."

Saumu alisikia yote. Mie nilikuwa najaribu mfuniko kichwani kama kofia.

Lakini unamjua mwanao, ana haraka kama wewe. Tangi lilipofika alilisuuza tu kwa maji baridi, akalijaza, akatengeneza sharubati siku hiyohiyo. Mteja wa kwanza akanywa, akatazama ndani ya kikombe, akauliza, "Sista, leo umeloweka ukwaju au kandambili?" Wa pili hakuuliza, alimwaga. Mama Saumu, maji yale yalikuwa yananuka duka zima la viatu.

Hapo ndipo anapoingia Bi Kidawa. Huyu ni jirani yetu, Mzaramo wa asili, mtafuna tambuu, amejitangaza kuwa mtani wangu tangu siku niliyoshuka kwenye gari, wala hakuniuliza kama nataka. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na kazi ya sharubati na maji ya wageni alikuwa amempa Saumu. Kazi ile si ndogo. Mbagala hii, anayehudumia harusi ya Bi Kidawa ataitwa kwenye harusi zote za mtaa, na anayeharibu harusi ya Bi Kidawa ahame. Saumu alikuwa ameshawaambia mpaka wauza vitumbua kwamba sasa anaanza kazi za harusi.

Bi Kidawa akaja, akachota, akanusa.

"Saumu mwanangu, haya maji yamevaa kandambili."

"Ni upya wa tangi, bibi. Utaisha."

"Upya mie naupenda kwenye khanga. Wakwe zangu wanatoka Bagamoyo, watu wenye maneno hao. Wakinywa plastiki kwangu, habari itafika Bagamoyo kabla yao." Akahamisha tambuu shavu la pili. "Ijumaa nakuja kunusa tena. Likinuka, kazi nampa yule mwanamke wa Tandika mwenye makreti ya soda. Usinichukie."

Akanigeukia mie. "Na wewe mtani, kaa mbali na hilo tangi."

Sasa nawe unanijua. Ukiniambia kaa mbali, miguu inasikia njoo.

Saumu alikosa raha, hata chakula akawa anakichezea. Nikamwambia, "Tulifukize kwa ubani, kama mama yako anavyofukiza mtungi."

Akanitazama. "Baba, mtungi ni udongo. Ukiweka chetezo chenye makaa humo ndani, tangi litakuwa sahani. Mie naenda Kariakoo kununua sukari na magadi, nikirudi nitaliosha alivyosema Bwana Nassor. Usiguse kitu."

Akaondoka. Nikakaa kwenye kigoda bila kugusa kitu, mpaka alipokata kona.

Nikafikiri, moto hapana, lakini nia ya kufukiza ni nzuri. Kitu gani kinafukuza harufu bila moto? Ikanijia harufu moja safi, kali, ya ubaridi, inapenya puani mpaka utosini, haibakishi kitu njiani. Kafuri. Harufu niliikumbuka vizuri sana. Nilichosahau ni mahali nilipoinusia.

Nikaenda dukani, nikanunua kafuri, nikaiponda, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji ya moto. Nikalilaza tangi uani, nikaingia mpaka kiunoni, nikaanza kusugua kwa kitambaa. Jua lilikuwa linanichoma miguu, nikatoka, nikachukua shuka jeupe la Saumu, nikalitundika kwenye kamba kuzunguka tangi lote. Nikarudi ndani, nikasugua. Maji yakawa yanatoka kwenye mdomo wa tangi, yanapita chini ya shuka, yanaingia mfereji, yanakwenda zake barabarani. Kazi ikanichosha, na kafuri ukiivuta kwa karibu inalegeza. Nikalala chali humo ndani nivute pumzi, nikanyoosha miguu nje.

Sasa mke wangu, jiweke barabarani. Unapita, unaona shuka jeupe limezungushwa uani, maji yanatiririka chini yake, pua inapata kafuri, na kwenye upenyo unaona nyayo za mzee zimenyooka, vidole vinatazama mbinguni. Utasema nini? Utasema pale wanafua?

Mie humo ndani nikaanza kusikia sauti. Mkeka unatandikwa. Mtu anasema, "Innalillahi." Mwingine, "Lini?" "Itakuwa alfajiri, mbona jana alikuwa anachokoza watu." "Saumu yuko wapi?" "Kaenda mjini, itakuwa kufuata sanda." "Nani wanamwosha?" "Wamo ndani ya shuka."

Wallahi nilisikitika. Nikajua jirani amefiwa. Nikasema Innalillahi na mie, polepole, tangi likaitikia. Nikawa najiuliza ni mzee gani, nivae kanzu niende. Kisha nikamsikia Bi Kidawa.

"Mtani wangu," analia. "Jamani mtani wangu. Alikuwa mbishi, Mwenyezi Mungu ampunguzie. Akikohoa kama pikipiki. Akila kwangu anasema chumvi imezidi, anakomba mpaka sufuria."

Hapo nikaanza kumtambua marehemu.

"Na ile kofia yake chafu," anaendelea, "sijui watamzika nayo."

Nikarudi kinyumenyume, nikatoa kichwa nje ya shuka, maji yananichuruzika. "Kofia ilifuliwa Alhamisi," nikasema.

Sitaki kukueleza wanawake walivyotawanyika. Mmoja aliacha ndala, mpaka leo hazina mwenyewe. Maalim wa madrasa aliyekuja kusoma Yasini hakukimbia, aliendelea kusoma, ila kwa mwendo mwingine. Ni Bi Kidawa peke yake aliyenisogelea. Akanifinya mkono, akazungusha. Nikapiga kelele.

"Mzima," akawatangazia, na mie nilisikia kama anasikitika kidogo.

Basi lori la Kilwa lilikuwa limepita dakika ile watu wanaingia. Selemani juu ya mizigo akauliza kuna nini, akaambiwa mzee wa Kilwa, baba yake Saumu. Akaondoka na habari nusu, na nusu nyingine ndiyo hii ninayokuletea.

Waliokimbia walikuwa wamerudi kuhakikisha, ua umejaa tena, ndipo Saumu akatokea. Alitoka stendi na mfuko wa sukari kichwani. Akaona wanawake mlangoni kwake wamejitanda khanga mpaka usoni. Akautua mfuko katikati ya barabara. Hakulia. Akawa anakuja polepole kama mtu anayevuka maji ya kiunoni, macho kwenye lile shuka. Nikasimama ili anione. Nikapunga kitambaa. Alipofika alinishika masikio yote mawili kama unavyomshika mtoto, akanitazama usoni, akasema, "Baba, nilikwambia usiguse kitu." Kisha akakaa pale kwenye tope, akacheka na kulia. Kipi kilitangulia sikuuliza.

Kicheko kikakatika ghafla. Pua yake ilikuwa imefika.

"Baba," akasema. "Umetia kafuri kwenye maji ya harusi."

Bi Kidawa akachungulia tangi, akarudi nyuma.

"Kandambili ningeweza kuivumilia," akasema. "Hii siwezi. Bibi harusi wangu hanywi maji ya josho la maiti."

Nikaona uso wa mwanetu, mke wangu, ule uso aliokuwa nao alipovunja mtungi wako akiwa mdogo. Ujue hali ilikuwa mbaya.

Bi Kidawa akatema tambuu. Akawatazama wale watu, wengine wamekuja na mchele, wengine na kuni, kama ilivyo desturi ya msiba.

"Haya," akasema. "Watu mmeacha vyungu jikoni, mmekuja kuosha maiti. Maiti amekataa. Mtarudije nyumbani bila kuosha kitu? Bandikeni maji."

"Bibi, kazi umenipa tena?" Saumu akauliza.

"Sijakupa. Ijumaa nakuja kunusa, nilisema. Pua yangu haijui huruma, lakini mikono ninayo."

Mama Saumu, nilizaliwa pwani, nimeona shughuli, sijaona kama ile. Kuni za msiba zikachemsha maji ya tangi. Saumu akasimama juu ya kigoda changu akawa anatoa amri kwa maneno ya Bwana Nassor. Maji yasiwe ya moto wa kuchoma, yawe ya uvuguvugu. Sabuni. Madodoki, wala mtu asilete mchanga. Likasuguliwa, likasuuzwa, yakaja maji ya magadi, likasuuzwa tena. Maalim akaleta ndimu za mti wake, zikakamuliwa ndani, sie tukalibiringisha tangi uani huku na huku ili kila upande upate. Aliyeingia ndani kusugua ni nani? Mie. Bi Kidawa alikaa nje na kila nikipumzika anagonga tangi kwa kata. "Mwosha huoshwa," anasema. "Sugua, marehemu." Na mchele wa rambirambi hakuna aliyeurudisha kwake, uliliwa palepale, na mie nikala hitima yangu mwenyewe. Chumvi ilizidi.

Siku zilizofuata tangi lilikaa juani mdomo wazi, kitambaa chepesi kimefungwa juu kuzuia vumbi na mbu. Saumu akatia humo ndani mfuko wa mkaa. "Usiowashwa, Baba," akaniambia, kama vile nilikuwa nimesema kitu. Asubuhi tunalijaza, jioni tunalifungulia. Maji Mbagala ni dhahabu, hayamwagwi hivihivi. Ya sabuni tuliyatia chooni, ya mwisho yakaenda kwenye mchicha, na yale ya katikati Mzee Chande wa nyumba ya pili aliyachukua kukandika ukuta. Nyumba yake sasa jua likipanda inanuka msiba kwa mbali, lakini ukuta umeshika.

Pua yangu haikuwa na kazi tena, mie nilikuwa nasikia kafuri mpaka kwenye ugali. Saumu akawa anasimama barabarani anaita wapita njia, "Shangazi, samahani, njoo uninusie tangi." Watu wa mji huu wana mambo mengi, lakini hakuna aliyekataa. Wa mwanzo wakasema msiba. Waliofuata wakasema duka la dawa. Kisha ndimu. Kisha mama mmoja wa Chanika, amebeba mihogo, akaingiza kichwa, akakaa humo, akatoka akauliza, "Ninuse nini?"

Saumu akamnunulia mihogo yote.

Ijumaa, baada ya swala, Bi Kidawa akaja na kata yake mwenyewe ya kifuu. Akasukutua kinywa kwa maji aliyotoka nayo kwake. Akachota. Akanusa upande mmoja wa kata, akanusa upande wa pili. Akanywa funda, akafumba macho. Saumu alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimeniingia, na mie sikuthubutu hata kukohoa, nawe unakijua kikohozi changu.

Bi Kidawa akafumbua macho.

"Haya ni maji," akasema.

Akanywa yaliyobaki yote, akachota tena, akanywa. Kisha akaweka tambuu mpya kinywani, akamwambia Saumu, "Kesho ukwaju uwe mzito. Wale wa Bagamoyo wanapenda kusema tumeongeza maji." Akaondoka.

Mwanetu akakaa chini ya lile tangi, akaegemeza kichwa. Nami nikakaa pembeni yake. Tangu azaliwe sijamwona ametulia hivyo.

Harusi ilikuwa jana. Sharubati iliisha kabla ya pilau. Wakwe wa Bagamoyo wakauliza nani katengeneza, Bi Kidawa akamwonyesha Saumu, halafu akaninyooshea kidole mie. "Na yule pale ndiye marehemu aliyeosha tangi," akasema, ikabidi awasimulie toka mwanzo, na akaongeza yake. Wanawake wawili wameshamwita Saumu kwenye shughuli zao, mmoja anatoka mbali, Kunduchi. Mie mtaani nimepata jina. Watoto wakinikuta wananiamkia, "Shikamoo Marehemu," naitikia marahaba, nitafanyaje.

Sasa mambo ya huko. Mdogo wangu Hamisi msalimie, na kama umeshamgawia kanzu yangu ya maulidi kwa kuwa ni mrithi, airudishe, iwe imefuliwa. Wifi yako bibi Mwajuma mwambie asante kwa kilio, najua alilia kwa sauti kubwa kuliko wote hata kama hakujua analilia nini. Imamu wetu mwambie kisomo alichonisomea akiweke, siku ikifika asijisumbue tena. Wajukuu wapige busu mmoja mmoja, yule mwenye makamasi mfute kwanza.

Na wewe nakuuliza jambo moja. Selemani alipokwambia, ulilia? Nataka unijibu mwenyewe, si kwa kumtuma mtu. Kama ulilia sana, nitafurahi. Kama ulilia kidogo, nitakuja huko tuzungumze. Kama ulikwenda moja kwa moja kuhesabu kuku, usiniambie.

Anayekuletea barua hii anakuletea na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ya maji yako ya kunywa. Saumu kainunua, mie nimeiosha kwa uvuguvugu, kwa magadi, kwa ndimu, na nimeianika mdomo wazi kama ilivyoamriwa. Ifungue uinuse. Hutakuta kitu. Ukisikia kafuri kwa mbali, hiyo si ndoo, ni mikono yangu iliyoifunga.

Ni mie mumeo, mwenye pumzi na kikohozi chake,

Athumani, Baba Saumu